Vigezo na Masharti Kuzingatiwa

Tarehe 4 Februari 2007, Wamarekani wakiwa wametulia mbele ya televisheni kutazama Super Bowl, lilirushwa tangazo la sekunde 30 lililotengenezwa kwa dola 12.79. Fedha zote hizo zilitumika kununulia pakiti za Doritos. Waliolitengeneza, Dale Backus na Wes Phillips, walikuwa vijana wa mji wa Cary, North Carolina, na Backus alikuwa na umri wa miaka 21. Kampuni ya Frito-Lay, inayouza vitafunwa hivyo, ilikuwa imewaalika wananchi wa kawaida wajaribu kutengeneza tangazo. Kazi zaidi ya 1,000 zilipelekwa, tano zikaingia fainali na kila moja ikazawadiwa dola 10,000, kisha kura za watazamaji zikaamua ipi irushwe siku ambayo kampuni nyingine zililipa zaidi ya dola milioni 2 kwa nusu dakika kama ile.

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya Joe na Dave Herbert, ndugu wawili wa Batesville, Indiana, ambao wakati huo hawakuwa na kazi. Tangazo lao halikufikisha gharama ya dola 2,000, lakini liliongoza katika kura ya maoni ya gazeti la USA Today na kuing'oa kampuni ya bia iliyokuwa imekalia nafasi hiyo miaka kumi mfululizo. Ndugu hao wakaondoka na dola milioni 1. Mwaka 2012 Jonathan Friedman, kwa bajeti ya dola 20, alipiga video ya mbwa anayemhonga binadamu kwa Doritos ili afumbe mdomo kuhusu paka aliyetoweka nyumbani. Naye akapata milioni yake.

Hadithi hizi husimuliwa sana, na kwa kawaida husimuliwa nusu. Msikilizaji hubaki na dola 20 na milioni, basi huyo anatoka nje na simu kuanza kupiga. Kinachoachwa ni kwamba shindano hilo, lililoitwa Crash the Super Bowl, lilipokea kazi zaidi ya 30,000 katika miaka yake kumi ya kwanza, na waliofika kwenye milioni wanahesabika kwa vidole. Kinachoachwa pia ni kwamba kila tangazo lililoshinda lilikuwa limetimiza matakwa ya aliyelitaka: sekunde 30 na si 34, bidhaa ikiwa ndiyo kiini cha kichekesho na si pambo la mwishoni, hakuna muziki wa kuazima, hakuna nembo ya mtu mwingine ukutani.

Kila anayesikiliza redio Dar es Salaam anaijua ile sentensi ambayo mtangazaji huikimbiza mwishoni mwa promosheni: vigezo na masharti kuzingatiwa. Inasomwa kwa kasi ili isisikike. Katika mashindano ya video, zawadi imejificha humo.

Kwa hiyo anayetaka kushindana na aanze na karatasi, si na kamera. Kanuni za mashindano mengi hazizidi kurasa nne au tano, na kuzisoma kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta pembe nzuri ya kupiga machweo. Azisome mara mbili. Mara ya kwanza atafute sababu za kukataliwa: umri, uraia, nchi anakoishi, kama kazi iliyokwisha kuonyeshwa kwingine inaruhusiwa, kama mtu aliyewahi kulipwa kwa kazi ya video bado anahesabiwa kuwa ridhaa. Wengi huanguka hapo bila kujua. Mashindano makubwa ya Marekani mara nyingi huwa ya wakazi wa Marekani tu. Crash the Super Bowl yenyewe ilikaa miaka kadhaa kabla ya kufungua mlango kwa nchi nyingine. Mtanzania anayeishi Houston anaweza kustahili pale ambapo binamu yake wa Tanga hastahili, hata kama wa Tanga ndiye fundi.

Mara ya pili atafute namna alama zinavyotolewa. Hapa ndipo penye utamu, na mfano mzuri kuliko yote ni Breakthrough Junior Challenge, shindano la vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 lililoanza mwaka 2015. Mshiriki hutengeneza video fupi inayoeleza dhana moja ya fizikia, hisabati au sayansi ya uhai. Mshindi hupata ufadhili wa masomo wa dola 250,000, mwalimu wake hupata dola 50,000, na shule yake hujengewa maabara ya thamani ya dola 100,000. Alama hutolewa kwa mambo manne yaliyotangazwa waziwazi: mvuto, uwezo wa kufafanua, ubunifu na ugumu wa mada.

Hilo la nne ndilo wengi wasiloliona. Kijana anayeeleza vizuri kabisa jinsi mvua inavyonyesha amejinyima alama kabla hajawasha taa, kwa sababu mada yake ni nyepesi. Anayechagua mada ngumu na kuieleza kwa vitu vya nyumbani anachuma pande zote mbili. Mshindi wa kwanza, Ryan Chester wa Ohio, alichukua nadharia maalumu ya uhusianifu ya Einstein, jambo linalowatoa jasho wanafunzi wa chuo kikuu.

Tena yuko Hillary Diane Andales wa Ufilipino, ambaye safari yake inafaa kuangaliwa taratibu. Alisoma katika mkoa wa Leyte, sehemu iliyobomolewa vibaya na kimbunga Haiyan mnamo Novemba 2013. Mwaka 2016 aliingia katika shindano hilo na video yake ikaongoza kwa kura za watu mtandaoni, jambo lililompeleka fainali. Hakushinda. Kura za mashabiki zilimfikisha mlangoni, lakini uamuzi wa mwisho ulikuwa mikononi mwa majaji wa sayansi. Mwaka uliofuata alirudi na mada nyingine, usawa wa mitazamo katika nadharia ya uhusianifu, na safari hii akachukua zawadi nzima. Mtu aliyekwisha kupata sifa za umma angeweza kurudia mtindo uleule uliompa kura. Yeye alileta mada mpya, na mada yenyewe ilikuwa ngumu, katika shindano linalotoa alama kwa ugumu.

Shindano hilo lina sharti jingine la kuvutia: washiriki wenyewe hupewa video za wenzao wazitathmini. Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa usumbufu. Ukweli ni kwamba hakuna shule nzuri kuliko hiyo. Anayetazama kazi za wengine mfululizo, akiwa na karatasi ya alama mkononi, huanza kuona kile ambacho jaji huona: kwamba karibu kila mtu anaanza na salamu, anajitambulisha jina, anatangaza atakachoeleza, na sekunde 20 zimekwisha bila chochote kutokea. Hata pale ambapo kanuni hazilazimishi, mshiriki makini atafute washindi wa miaka mitatu iliyopita na kuwatazama hivyo hivyo. Kama waandaaji hawaonyeshi washindi wa nyuma popote, hilo nalo ni jibu.

Kuna suala la kura, na hapa inafaa kusema bila kuzunguka. Mashindano yanayoamuliwa na kura za mtandaoni peke yake hayapimi video. Yanapima ukubwa wa ukoo na idadi ya magrupu ya WhatsApp. Mshiriki hujikuta anaomba kura kama kamati ya harusi inavyoomba michango, kila asubuhi ujumbe uleule, hadi shangazi anamzuia. Wapo wanaonunua kura kutoka kwa wauzaji wa akaunti bandia, na waandaaji wenye akili huzifuta usiku wa mwisho pamoja na mshiriki mwenyewe. Asiye na wafuasi wengi na asiyependa kuombaomba atafute mashindano yenye majaji waliotajwa kwa majina. Ikiwa kura ni sehemu tu ya alama, tuseme robo, basi ni busara kuzitafuta kwa wiki moja na kuachana nazo. Zile robo tatu nyingine tayari zimo ndani ya video.

Sasa wazo. Tropfest, tamasha la filamu fupi lililoanzia katika mkahawa wa Tropicana mjini Sydney mwaka 1993, lina ujanja mmoja wa kuhakikisha kwamba kazi ni mpya: kwa kila tamasha hutangazwa kitu kimoja ambacho lazima kionekane ndani ya filamu. Mwaka 1996 kilikuwa kijiko cha chai, mwaka 2005 mwavuli, mwaka 2007 chafya. Mshiriki mvivu hupiga hadithi yake aliyokuwa nayo tangu zamani, kisha humfanya mtu mmoja apige chafya dakika ya tatu ili sharti litimie. Mshiriki mwenye njaa hujiuliza ni hadithi gani isingekuwepo kabisa bila chafya. Majaji hutofautisha hizo mbili kwa kutazama mara moja.

Kanuni hiyo inafanya kazi hata pale ambapo hakuna kijiko wala mwavuli. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2020 tamasha lake la filamu fupi za afya, lenye zawadi kubwa za dola 10,000. Plural+, tamasha la video za vijana linaloendeshwa tangu mwaka 2009 na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji pamoja na taasisi ya Umoja wa Mataifa ya Muungano wa Ustaarabu, hutaka kazi zisizozidi dakika 5 kuhusu uhamiaji, utofauti wa watu na ujumuishwaji. Ukipewa mada kama hizo, wazo la kwanza linalokuja kichwani limekwisha kumjia kila mtu: kijana mwenye huzuni anatembea ufukweni huku sauti ikieleza umuhimu wa amani. La pili pia limekwisha wajia wengi. Afadhali kuandika mawazo kumi kwenye karatasi na kuanza kuchagua kuanzia la saba. Kijana wa Kariakoo mwenye jirani Mrundi aliyefungua saluni, na ambaye wateja wake wamejifunza Kirundi kidogo kwa kusubiri zamu, ana filamu ya dakika 4 mlangoni kwake ambayo hakuna mtu wa mashirika hayo huko Geneva anayeweza kuibuni.

Kipimo kizuri cha wazo ni kulisimulia kwa pumzi moja kwa mtu asiyehusika, mathalani konda au mama muuza vitumbua. Mbwa anamhonga bwana wake asiseme kuhusu paka: mtu anacheka kabla hujamaliza. Kama maelezo yanahitaji “subiri, kuna sehemu ya nyuma hujaielewa”, kazi haijaiva.

Wapo pia wanaodhani kwamba shindano la filamu lazima lianze na filamu. Mwaka 2021 UNESCO na Netflix walitangaza shindano la kusimulia upya ngano za Kiafrika kwa watengenezaji filamu chipukizi wa nchi zilizo kusini mwa Sahara. Kilichotakiwa kwanza kilikuwa wazo lililoandikwa. Walioteuliwa walipata mafunzo ya kulinoa, na washindi sita wakapewa kila mmoja dola 25,000 za kwao na bajeti ya dola 75,000 ya kutengeneza filamu. Miongoni mwao walikuwamo Walt Mzengi Corey wa Tanzania, ambaye filamu yake “Katope” inamhusu mtoto aliyefinyangwa kwa udongo, Voline Ogutu wa Kenya, na Loukman Ali wa Uganda. Filamu zote sita zilitoka Netflix mwezi Machi 2023. Kwa mtu ambaye ana kalamu nzuri na hana kamera, mlango wa namna hii ni mpana kuliko wa kupakia video iliyokamilika, na watu wanaoupita ni wachache kwa sababu kuandika kunachosha.

Kuhusu vifaa, uongo mwingi umesemwa pande zote. Ni kweli kwamba filamu “Tangerine” ya Sean Baker, iliyoonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2015, ilipigwa kwa iPhone 5s. Ni kweli kwamba mwongozaji Park Chan-wook wa Korea Kusini na mdogo wake walishinda tuzo ya Dubu wa Dhahabu ya filamu fupi katika tamasha la Berlin mwaka 2011 kwa filamu iliyopigwa kwa iPhone 4. Lakini filamu hiyo ya Park ilikuwa na bajeti ya won milioni 150 za Korea Kusini, sawa na zaidi ya dola 130,000 za wakati huo, na simu ndiyo ilikuwa kitu cha bei nafuu pale. Baker naye aliiwekea simu lenzi ya nyongeza na programu ya dola 8, na sauti yake haikurekodiwa kwa simu. Ilinaswa kwa vifaa vya kitaalamu.

Sauti, basi. Jaji huvumilia picha yenye giza kidogo; huenda akaiona ni mtindo. Havumilii upepo unaokwaruza maiki, wala jenereta la jirani. Maiki ndogo ya kubana shatini, inayochomekwa kwenye simu, ndiyo manunuzi ya kwanza yenye maana, kabla ya taa na kabla ya stendi. Asiye na fedha hata hizo atumie simu ya pili kama kinasa sauti, iwe mfukoni mwa mzungumzaji au mezani karibu na mdomo wake nje ya fremu, kisha sauti hiyo ioanishwe na picha wakati wa kuhariri. Kofi moja mwanzoni mwa kila kipande linatosha kuonyesha mahali pa kuoanisha. Chumba chenye magodoro, mapazia na kanga zilizotundikwa hufyonza mwangwi. Sebule yenye vigae na ukuta mtupu huurudisha wote.

Mengine ni mepesi. Simu iwekwe hali ya ndegeni ili mtu asipige katikati ya tukio. Lenzi ifutwe, maana simu hukaa mfukoni na vidole vina mafuta. Mwanga wa saa moja hadi saa tatu asubuhi ni wa bure na unapendeza kuliko jua la saa saba, ambalo hutia macho vivuli. Mwelekeo wa picha uwe ule uliotajwa kwenye kanuni. Kama hawakutaja na kazi itaonyeshwa ukumbini, simu ilazwe. Na programu nyingi za kuhariri zinazotolewa bure huacha alama yao pembeni mwa video, jambo linaloweza kumwondoa mshiriki kwa kosa la kutangaza nembo ya mtu. DaVinci Resolve ya kompyuta inatolewa bure bila alama hiyo, ila inataka mashine yenye nguvu.

Penye hatari zaidi ni muziki. Kibao cha Bongo Fleva kinachotamba mwezi huu kina mtunzi, mwimbaji, mtayarishaji na pengine lebo, na kila mmoja ana haki yake kisheria: Tanzania kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya kwa ile ya mwaka 2001. Ruhusa ya kutumia wimbo ndani ya TikTok haimfuati mtu anapotoka TikTok na kupeleka video yake kwenye shindano la kampuni ya maziwa. Kumtaja msanii mwishoni kwa shukrani si ruhusa. Mashindano makini humtaka mshiriki athibitishe kwa saini kwamba ana haki ya kila sauti iliyomo, na mshindi asiye na karatasi hunyang'anywa nafasi hata baada ya kutangazwa. Maktaba ya sauti ya YouTube ina muziki wa kutumia bila malipo, ingawa baadhi ya vipande hutaka mwenyewe atajwe, na vimetumiwa na nusu ya dunia. Njia bora kwa mtu wa pwani au wa bara ni kumtafuta jirani anayepiga gambusi, marimba, ngoma au gitaa, arekodi dakika mbili mpya, alipwe alichokubali, aandike kwa mkono wake kwamba ameruhusu. Video hupata sauti ambayo hakuna mshindani mwingine anayo.

Sura za watu zinahitaji karatasi pia. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Hati ya ridhaa ya nusu ukurasa, yenye jina, tarehe, jina la shindano na saini, inatosha kwa kazi nyingi. Kwa mtoto, saini ni ya mzazi au mlezi. Vibali vya kupiga filamu kwa Tanzania Bara vinashughulikiwa na Bodi ya Filamu, na kwa Kenya na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Anayetaka kurusha droni juu ya Ngome Kongwe au ufukwe wa Diani aulize kwanza mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika. Mtu mmoja mwenye simu uani kwake hatasumbuliwa, lakini bandari, vituo vya polisi, kambi na viwanja vya ndege si mahali pa kujaribia bahati.

Halafu kuna kifungu ambacho kinastahili kusomwa polepole kuliko vyote: nani anamiliki video baada ya kupakiwa. Kipindi cha America's Funniest Home Videos kilianza kurushwa kila wiki na televisheni ya ABC ya Marekani mwaka 1990, na kwa miaka mingi kilitoa dola 10,000 kwa klipu bora ya wiki na dola 100,000 kwa washindi wakubwa. Uingereza ilianza chake, You've Been Framed!, mwaka huohuo, kikilipa pauni 250 kwa kila klipu iliyorushwa. Kipindi cha Marekani kingali hewani, na utajiri wake mkubwa ni ghala la klipu zilizotumwa na wananchi, ambazo zinaweza kurushwa na kurudiwa miaka na miaka. Hakuna ubaya katika hilo kwa mtu aliyerekodi kwa bahati tu babu akidumbukia bwawani. Lakini aliyetumia miezi miwili kutengeneza hadithi yake anahitaji kujua anachokitoa.

Maneno ya kutafuta ni “milele”, “duniani kote”, “bila malipo ya ziada” na “haki pekee”. Yakiwahusu washindi tu, huenda zawadi inafidia. Yakimhusu kila aliyepeleka kazi, hata aliyeshindwa, basi waandaaji wanakusanya video mia tano kwa bei ya moja. Hapo mshiriki ana njia mbili za heshima: kuachana na shindano hilo, au kupeleka kazi ndogo aliyoitengeneza kwa ajili hiyo tu na kuhifadhi hadithi yake nzuri kwa ajili ya pengine. Matamasha ya filamu kwa kawaida huomba haki ya kuonyesha tu, na ndiyo sababu mtu mwenye filamu fupi anayoipenda hufikiria kwanza milango kama ya ZIFF, tamasha la Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1997, kabla ya kuipeleka kwa kampuni ya sabuni.

Tarehe ya mwisho huua watu wazima. Kanuni zikisema saa 5:59 usiku “saa za Pasifiki”, kwa Afrika Mashariki ni saa 3:59 asubuhi ya siku inayofuata, au saa 4:59 Marekani inapokuwa katika saa zake za majira ya baridi. Kwa saa za Greenwich ni saa 8:59 usiku wa manane. Lakini usiku wa manane wa Sydney hufika kabla jua halijatua Mombasa, na hapo anayedhani ana jioni nzima amekwisha chelewa. Tarehe iliyoandikwa 4/5 na Mmarekani ni tarehe 5 Aprili. Na video ya ubora wa juu inaweza kumeza bando na kukatika ikifika asilimia 94, hasa saa ambazo kila mshiriki wa dunia anapakia kwa pamoja. Ipelekwe siku mbili kabla, usiku, mtandao ukiwa umelegea, na mshiriki afungue kiungo kwa simu ya mtu mwingine kuhakikisha inacheza. Mashindano ya mbio kama 48 Hour Film Project, yaliyoanzia Washington mwaka 2001, huweza kuionyesha filamu iliyochelewa lakini huiondoa kwenye shindano rasmi. Ndani ya saa hizo 48, timu zenye uzoefu hutenga kabisa muda wa kuhamisha faili, na haziruhusu mhariri auguse.

Jina la kujisajili liwe lile la kitambulisho cha taifa au pasipoti. “Director Chidy” anaweza kuandikwa kwenye bango la filamu, lakini benki haitalipa hundi yake. Kama ni kazi ya kikundi, mgawanyo wa zawadi uandikwe kabla ya kupiga picha ya kwanza, wakati wote bado ni marafiki na zawadi bado ni hewa. Zawadi ya fedha mara nyingi hukatwa kodi huko inakotoka au inakofika, na “zawadi ya thamani ya” kiasi fulani huenda ikawa tiketi, vocha na mafunzo, bila shilingi hata moja.

Waandaaji wanaotaka ada ya kuingia si lazima wawe matapeli; matamasha mengi ya filamu hutoza, na mengi huwa na msamaha wa ada kwa wanafunzi au kwa nchi zenye kipato kidogo, ukiomba kwa barua pepe ya heshima. Wa kuogopwa ni wale wa “tamasha la kila mwezi” lenye tuzo 60, ambapo kila aliyelipa hushinda kitu na kisha huuziwa kikombe chake. Na wa kukimbiwa kabisa ni anayepiga simu kusema umeshinda, lakini tuma kwanza elfu hamsini kwa M-Pesa ya “usajili wa zawadi”. Mwandaaji wa kweli hukuomba hati: nakala ya kitambulisho, fomu ya kodi, akaunti ya benki, hati za ridhaa za walioonekana kwenye video, na faili la awali lisilobanwa. Ndiyo maana faili hilo lisifutwe kwenye simu ili kupata nafasi ya picha za sikukuu. Liwekwe kwenye diski ya nje pamoja na hati zote, katika folda yenye jina la shindano na tarehe, hadi matokeo yatoke na, kwa aliyeshinda, hadi fedha ziingie benki.